Ufunguo wa nyumba ya Mkomani

Ufunguo wenyewe ni wa chuma, mrefu kama kiganja changu, na meno yake yamelika. Nilikabidhiwa mwaka 2012, wiki chache baada ya kustaafu ualimu. Mzee aliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha mtaa, kinachotunza nyumba hii ya kale na kuwafungulia watu, aliuweka mkononi mwangu, akanifumba vidole juu yake. "Mwalimu," akasema, "kazi yako ni kufungua." Niliitikia tu. Sikujua kwamba alikuwa amenipa maagizo yote ya kazi kwa neno moja, wala kwamba ingenichukua miaka kulielewa, na nyumba ndiyo ingelipa karo ya masomo yangu.

Nyumba iko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani. Kwa nje haijionyeshi. Ni ukuta mrefu mtupu, mlango wa nakshi, na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, lenye baraza mbili za mawe za kukalia wageni. Ukivuka tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwandani, ua wa ndani ulio wazi juu, halafu msana wa kwanza, msana wa pili, ambazo ni kumbi za kukaa, kisha chumba kiitwacho ndani, na nyuma kabisa nyumba ya kati, ambamo wanawake walijifungulia na maiti walioshewa. Kila chumba kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, kwa hiyo unavyozidi kuingia ndivyo unavyopanda. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu bila kulegea. Mkoko ndio uliopima upana wa maisha ya watu wa humo, na mpaka leo nikisimama kwenye msana nikanyoosha mikono nahisi kama nimesimama ndani ya mti.

Aliyekuwa wa mwisho kuishi humo ni bibi mmoja mjane. Alipofariki, wajukuu walikuwa wameshatawanyika Mombasa, Ghuba na Ulaya. Wanunuzi hawakukawia, maana nyumba za mawe za Lamu zina wateja wengi kutoka ng'ambo. Warithi hawakutaka kuuza, wala hawakuwa na uwezo wa kutengeneza. Wakaiachia chama chetu kwa mkataba wa maandishi: sisi tuitunze na tuifungue kwa watu, wao wabaki wenye mali. Chama chenyewe ni watu wa mtaa. Wamo walimu wastaafu, nahodha mmoja, maseremala, kina mama wenye kumbukumbu ndefu. Ofisi hatuna. Tunakutana dakani baada ya alasiri.

Tulipotia saini tuliona kama kazi imekwisha. Mji wa Kale wa Lamu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kabla ya hapo, mwaka 1986, serikali ilikuwa imeshautangaza kuwa urithi unaolindwa, na mwaka 2006 ikaja Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi. Tarehe hizo nilikuwa nikiwafundisha watoto darasani, na nilizishika kama hirizi. Lakini hakuna hata moja kati yake inayopanda juu ya dari mwezi wa Machi kutazama kama mifereji imeziba. Hilo ni la mtu mwenye ngazi na ufagio.

Kosa letu kubwa tulilifanya mwaka wa pili. Tulipata fedha kidogo kutoka kwa wahisani, na sharti lao lilikuwa zitumike kabla mwaka haujafunga. Ukuta wa msana wa pili ulikuwa umepukutika kuanzia chini hadi usawa wa goti. Ukigusa, lipu inashuka kama unga. Mkandarasi tuliyempata alisema atauziba kwa saruji kwa siku nne, na utakuwa mgumu kuliko ulivyopata kuwa. Neno "mgumu" lilitupendeza. Hatukwenda kwa watu wa Makumbusho kuuliza, ingawa sheria inataka hivyo na ofisi yao iko hatua chache tu kutoka kwetu. Tulikuwa na haraka, na tulijiona wenyeji wa kutosha kujua. Siku ya tano ukuta uling'aa. Nilipiga picha nikawatumia warithi, na mmoja akanijibu kwamba amelia.

Masika mawili baadaye nikaona uvimbe. Mwanzo ulikuwa mdogo, kama mahali mtoto alipoumwa na mbu, halafu ukaenea. Saruji yenyewe ilikuwa imara. Kilichokuwa kikitokea kilikuwa juu yake, pale ilipokutana na chokaa ya kale. Lipu ya zamani, iliyokuwa nzima kwa miaka isiyohesabika, ilianza kutoa manyoya meupe. Nilipoyagusa na kuyaonja yalikuwa chumvi.

Ndipo tukamwita fundi mwashi mmoja mzee ambaye tulipaswa kumwita tangu siku ya kwanza. Alikuja na mwiko wake umefungwa kwenye kitambaa. Hakuugusa. Aliweka sikio ukutani, akagonga kwa pingili ya kidole, akasogea, akagonga tena. Pale penye saruji sauti ilikuwa ya mtungi mtupu.

"Nani aliuziba huu?"

"Sisi, Ami," nikasema.

Akanyamaza kidogo. "Ukuta huu unakunywa maji kutoka chini kila siku. Umejengwa kwa mawe ya pwani, na mawe yana chumvi yake. Zamani ulikuwa ukinywa na kutoa pumzi hapohapo, maana chokaa haiyazuii maji. Sasa mmeuziba mdomo. Maji yamepanda kutafuta pa kutokea, na chumvi imepanda nayo."

Sijapata kusikia somo la sayansi lililoeleweka upesi vile, na mimi nilifundisha miaka mingi. Chumvi iliyoyeyuka husafiri na maji. Maji yakikauka inaganda, na ikiganda inavimba, na ikivimba ndani ya tundu la jiwe inalipasua. Lipu ya chokaa ni laini kuliko jiwe kwa makusudi. Imewekwa ife kwanza, jiwe lisalimike, nawe uipake upya. Sisi tuliweka kitu kigumu kuliko jiwe, kwa hiyo jiwe ndilo lililokuwa likifa, kimya kimya, nyuma ya ukuta unaong'aa.

Hapakuwa na njia ila kubandua. Saruji haiachi kwa hiari. Kila kipande kilitoka na uso wa kilichokuwa chini yake. Fundi alifanya kazi kwa patasi ndogo, vipande vya ukubwa wa kiganja, wiki tatu nzima. Karibu na mlango wa ndani, saruji ilikuwa imepanda hadi kwenye ukingo wa zidaka. Zidaka zile ni fahari ya nyumba: ukuta mzima wa vidirisha vipofu vya lipu, safu juu ya safu, vilivyochongwa kwa mkono, ambamo watu wa zamani waliweka sahani na mabakuli ya Kichina. Kazi ya namna hiyo ilistawi Lamu katika karne ya 18. Fundi alikuwa amefika kwenye kidaka cha chini kabisa, cha pembeni, aliposimamisha mkono. Aliniita nisogee. Aliniwekea kidole kwenye ufa mwembamba kama unywele, uliozunguka kidaka chote.

"Nikitoa saruji kinakuja. Nikiiacha kinakuja pamoja na vile vya juu yake."

"Toa," nikasema.

Kilianguka kizima, halafu kikavunjika sakafuni. Nakumbuka harufu, ya chumba kilichofungwa muda mrefu, na kwamba nyuma yake, kwenye chokaa mbichi ya siku ile ya zamani, palikuwa na alama ya vidole vitatu vya fundi aliyekiweka. Vidole vyembamba. Fundi wetu alivitazama muda mrefu, akapachika vyake kando yake bila kugusa, kisha akaendelea na kazi. Vipande nimevihifadhi kwenye sanduku, lakini kidaka kile hakirudi, na mimi ndiye niliyetia saini malipo ya saruji. Sijalisema hili ili nihurumiwe. Nalisema kwa kuwa viko vyama vingine vya mtaa vyenye nyumba ya kale, fedha zenye tarehe ya mwisho, na mtu anayewaahidi ugumu.

Kutoka hapo tulianza upya, na tulianzia kwenye shimo. Chokaa ya huku inatoka kwenye mawe ya pwani yaliyopangwa juu ya magogo kwa duara, katikati pameachwa tundu la moto, yakachomwa mchana na usiku. Ikishachomwa inazimwa kwa maji, nayo inachemka na kufoka kama kitu kilicho hai. Baada ya hapo inatakiwa kuachwa. Hapo ndipo watu wote huchoka. Ukiitumia upesi, zipo chembe ndani yake ambazo hazijazimika. Zitakuja kuzimika ukutani, na kila chembe inapovimba inarusha kipande cha lipu kama punje ya bisi. Fundi wetu alitaka miezi, na wahisani walitaka ripoti. Niliwaandikia barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika nikaeleza kwa nini shimo lenye tope jeupe ndilo maendeleo tuliyo nayo mwaka huu. Wengine walielewa, mmoja akaacha. Naona sasa kwamba barua ile ilikuwa sehemu ya ukarabati sawa na mwiko.

Na hata ikishapakwa, chokaa haina haraka. Inaganda kwa kuvuta hewa. Ile hewa ndiyo inayoirudisha kuwa jiwe, kama lilivyokuwa kabla ya moto. Ikikauka mapema kwa jua au upepo wa kaskazi inakuwa vumbi, kwa hiyo tulikuwa tukiloweka magunia na kuyatundika mbele ya ukuta, asubuhi na jioni. Kazi hiyo waliifanya vijana wa mtaa na kina mama wawili wa chama. Mmoja wao alinionyesha jinsi ya kupima unyevu kwa upande wa nje wa mkono, kama unavyompima mtoto homa. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu siku hiyo.

Boriti zilikuwa kisa kingine. Nyingi zilikuwa nzima katikati na zimeoza kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani, kwa kuwa maji ya dari yanapovuja hukimbilia huko na hakuna anayeyaona. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti, hata mikoko ikaguswa, na tulikaa na msana mmoja umetegemezwa kwa magogo kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Sikulalamika sana. Mikoko ikiisha, hakuna nyumba ya Lamu itakayotengenezwa tena, na anayependa nyumba hizi hana budi kuipenda na misitu ya mikoko ya visiwa jirani vya Pate na Manda. Lakini tulijifunza kwenda juu mapema. Sasa kila mwaka kabla ya masika tunapanda, tunafagia dari, tunamwaga ndoo ya maji na kutazama yanakokwenda. Ndoo moja ya maji mwezi wa Machi imetuokolea boriti nyingi kuliko mradi wowote.

Kuhusu vitu vya kuonyesha nitasema kidogo, maana tulikosea kama wanavyokosea wote. Watu walileta nasi tukapokea: visanduku, marashi, kitanda cha ulili, kiti cha enzi chenye mgongo wa kusukwa. Hatukuandika chochote, kwa kuwa sote tunajuana. Kisha aliyeleta kiti akafariki, ndugu yake akaja kukidai, na mimi sikuwa na karatasi ya kumwonyesha, nina neno la marehemu tu. Tulimrudishia. Hivi sasa kuna daftari: namba, maelezo, nani ameleta, tarehe, ni zawadi au ni amana, saini mbili. Namba inaandikwa kwa penseli. Na ile barua ya ukoo iliyoandikwa Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, ambayo niliitundika kwenye fremu ikitazama kiwanda ili wageni waione vizuri, ilipauka ndani ya miaka miwili hadi mistari ya chini haisomeki. Mwanga haurudishi wino. Sasa nakala ndiyo iko ukutani, asili imelala sandukuni.

Jambo ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni chumba cha chini.

Ukitoka kiwandani kuna ngazi tatu za kuteremka, na mlango mfupi unaokulazimisha kuinama. Ndani hamna zidaka, hamna lipu ya nakshi, na hewa inaingia kwenye matundu mawili madogo. Katika maelezo ya wageni, ambayo niliyaandika kwa mkono wangu, tulikiita ghala. Nilikuwa nikipita na wageni nikionyesha kwa mkono, "na huku ni ghala la chini," kisha nikawapeleka kwenye birika kuwaonyesha bakuli la kaure lililojengewa chini yake, ambamo samaki wadogo hubaki na maji birika linapopungua. Samaki hao walikula viluwiluwi vya mbu. Watoto hulipenda birika, na mimi nililipenda kwa sababu lilinivusha haraka mbele ya ule mlango.

Siku moja alikuja bibi mmoja wa makamo ya miaka themanini, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Ni mtu wa mji, nilimjua kwa sura tangu utoto, lakini sikuwahi kumwona akiingia nyumba ile.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Huko chini kuna nini?"

"Ghala, Bi. Waliweka nafaka na vitu vya biashara."

"Nipeleke."

Nilimwambia ngazi ni mbovu. Akasema anazijua ngazi. Tuliteremka, mjukuu mbele, mimi nyuma. Aliinama kwenye mlango bila kuambiwa ainame, akaenda moja kwa moja hadi kona ya kulia chini ya tundu la hewa, akaweka kiganja ukutani.

"Hapa alizaliwa bibi yangu mzaa mama," akasema. "Vitu viliwekwa hapa, na watu waliwekwa hapa. Mama aliniambia kona."

Sikuwa na la kusema. Ualimu wote ule, na sikuwa na neno. Nilijua tarehe. Nilijua kwamba hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, zaidi ya miaka thelathini baada ya masoko ya watumwa ya Zanzibar kufungwa mwaka 1873. Nilikuwa nimeziandika ubaoni mara nyingi. Lakini nilikuwa nimepita mbele ya kona ile kila siku na kuiita ghala, na ukweli ni kwamba nilikuwa najua. Kila aliyekulia mtaa huu anajua nyumba kubwa zilikuwa na watu chini. Ukoo wangu ni wa waliolala juu, na ulimi wangu ulikuwa umefundishwa mahali pa kusimama.

Nilipeleka habari chamani. Kikao kile kilikwenda hadi magharibi, na vikao viwili vilivyofuata pia. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alipinga, na hoja yake haikuwa ya kiburi. "Mji huu kila mtu anajua nani ni nani," akasema. "Tumeweza kuishi pamoja kwa kuwa hatusemi. Mkiandika hayo ukutani, mnawaumbua watu walio hai, wenye watoto wanaotaka kuoa na kuolewa." Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Alikuwa na haki ya kuogopa.

Nahodha ndiye aliyetufungua macho. Alisema: pale mjini tuna Posta ya Wajerumani, ilifanya kazi tangu 1888 hadi 1891, na ina makumbusho yake. Tuna Ngome iliyokuwa jela hadi 1984, tunasema wazi kwamba ilikuwa jela, tunawapeleka watoto, na hakuna aliyeumbuka. Watu waliokaa chumba kile vizazi kwa vizazi, wakateka maji ya birika na kupiga sakafu hizi, hawana hata mstari mmoja. "Tunahifadhi nyumba gani," akauliza, "ya mawe peke yake?"

Tuliamua kwenda kumwuliza yule bibi mwenyewe, jambo ambalo tungelifanya kabla ya kubishana. Nilikwenda na mama mmoja wa chama, tukaketi kwenye mkeka, tukanywa kahawa, nikamweleza. Alifikiri. Kisha akasema jina la bibi yake tusiliandike, wala la ukoo wowote, wa juu wala wa chini. "Andikeni kwamba walikaa hapa. Andikeni kwamba walizaa hapa. Na msiweke vitu humo ndani. Mkiweka vitu kitakuwa ghala tena."

Kwa hiyo chumba hakina kitu. Pana kibao kidogo kando ya mlango, kimeandikwa Kiswahili kwanza halafu Kiingereza, sentensi nne, na mwaka 1907 umo. Wageni wakiingia wanainama, na wakiinuka hawaoni chochote ila kuta na matundu mawili ya mwanga. Wengine hutoka upesi. Wengine hukaa. Nimemwona mwanafunzi wa sekondari akipiga hatua kupima ukubwa wake, kisha akapanda juu kupima msana, akarudi chini tena, akiandika kwenye daftari. Yule mzee aliyepinga aliteremka peke yake siku moja baada ya adhuhuri, nami nilijifanya sijaona. Alipotoka aliniambia ngazi zinahitaji kutengenezwa, watu wazima wataanguka, na wiki iliyofuata akamtuma mwanawe na mawe.

Baada ya kibao kuwekwa, watu waliokuwa hawaji walianza kuja. Sikulitegemea hilo. Walikuja kina mama wa mtaa wa Langoni na hata wa kijiji cha Matondoni, na walileta nyimbo za kupiga sakafu. Zamani sakafu ya chokaa ilipigwa kwa mbao siku nyingi, watu wamejipanga kwa mstari, wakiimba ili mapigo yaende pamoja na chokaa ishikane bila ufa. Fundi wetu alikuwa anajua mapigo lakini si maneno. Mmoja wa kina mama hao alikuwa na maneno. Tulipotengeneza dari ya msana mdogo walipanda watu kumi na wawili, wakubwa na wadogo, na yule mama akakaa kwenye kiti akaanzisha. Nilikuwa chini, nikiangalia boriti zikitetemeka na vumbi jembamba likishuka kwenye mwanga wa dirisha. Dari hiyo haijavuja mpaka leo.

Mjukuu wa yule bibi ndiye anayeshika ufunguo siku za Jumamosi sasa. Bibi mwenyewe alitangulia miaka mitatu iliyopita, Mungu amrehemu. Binti huyo ana macho makali kuliko yangu. Yeye ndiye aliyegundua mwezi uliopita njia ya mchwa nyuma ya fremu ya mlango wa ndani, ukanda wa udongo usiozidi upana wa kalamu, ambao mimi niliupita nikidhani ni uchafu. Pia amenikataza kufunga madirisha ya msana saa za mchana, jambo nililokuwa nikilifanya kuzuia vumbi. Anasema vumbi linafagiwa, lakini unyevu ukishaingia kitandani haufagiwi. Amesema kweli, na nimeacha.

Mahali pa kidaka kilichoanguka tumepaacha wazi. Fundi alitaka kukichonga upya na mkono wake unaweza, lakini aliamua mwenyewe kwamba alama ya vile vidole vitatu ibaki inaonekana kwanza. Shimo la chokaa tulilolijaza Oktoba litafunguliwa Februari. Boriti mbili za msana wa pili zimeshatiwa alama ya chaki, na tunasubiri kibali na jahazi kutoka Pate kabla kusi haijaanza.